Huzuni ya Wawili Ni ya Nani?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai. Methali ya kwanza inatukumbusha kwamba mambo ya ndani huyajua aliye ndani. Ya pili inatuonya kwamba anayekataa kujifunua hatapata msaada wala matunda. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na methali hizi mbili bila kuziona zikigombana. Mimi niliziona zikigombana nyumbani kwangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta hukumu ya kuzipatanisha.

Mke wangu ni mchoraji, nami ni mtunzi wa mashairi. Tunaishi Johannesburg, katika mtaa wa Yeoville, ambako ukishuka barabara ya Rockey waweza kusikia Kiswahili cha Wakongo kabla hujasikia Kizulu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Yeye ni Msotho wa Free State. Kiswahili chake amekipata kwangu, nacho ni cha jikoni na cha salamu. Kisotho changu hakizidi hapo. Lugha tunayokutania ni Kiingereza, ambacho hakuna kati yetu aliyelelewa nacho.

Chumba chenye dirisha la kusini, ambalo katika nusu hii ya dunia ndilo liletalo mwanga usiobadilikabadilika, ni chake. Meza ya jikoni, vyombo vikishaoshwa, ni yangu. Picha ambayo haijaiva huigeuza ikatazama ukuta. Siku ikiiva huniita: "Ntate, njoo uone." Ntate kwa Kisotho ni baba, na ni neno la heshima kwa mwanamume yeyote mtu mzima. Hunikalisha kwenye kiti kimoja kile kile chenye madoa ya rangi, kisha hunyamaza. Sitakiwi kusema kwamba picha ni nzuri. Natakiwa kusema ninachokiona. Nami shairi likikamilika humsomea kwanza kwa Kiswahili, ili asikie vina na mizani, halafu humweleza kwa Kiingereza ubeti baada ya ubeti. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na niliamini kwamba kuonyeshana kazi ndiko kulikokuwa nguzo ya ndoa yetu.

Miaka kadhaa iliyopita mimba ya mke wangu iliharibika ikiwa na miezi mitano. Aliporudi kutoka hospitali alikaa siku chache kitandani, kisha akaingia katika chumba chake na kuanza picha moja. Aliifanyia kazi majira yote ya kipupwe, wakati nyasi za mji huu hukauka zikawa na rangi ile ile ya vilima vya mchanga wa migodi. Kila jioni aliigeuza ukutani. Hakuniita.

Nami niliandika. Shairi lilinijia kwa usiku tatu: tarbia ya beti tisa, mizani kumi na sita kila mshororo. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikumsomea. Nilijiambia kwamba sitaki kumtonesha kidonda. Nililipeleka kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti moja la nyumbani, nalo likachapishwa. Siku chache baadaye shangazi yangu alipiga simu kutoka Tanga, na aliyeipokea ni mke wangu. "Pole, mwanangu," shangazi alimwambia. "Tumesoma. Mungu atawajalia mwingine." Kiswahili cha jikoni kilimtosha kulielewa neno "tumesoma".

Jioni ile hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja: "Ntate, uliniuliza?"

Nilikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa mabovu. La kwanza, kwamba msiba ulikuwa wangu pia. La pili, kwamba shairi halikutaja jina lake. La tatu, kwamba niliandika kwa lugha ambayo ndugu zake hawaisomi. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, maana lilidhihirisha kwamba nilijua. Nilikuwa nimekifanya Kiswahili pazia, lakini nilikuwa nimelitundika kinyume: lilimzuia yeye asione, likawaachia wazi wote wanijuao. Lugha niliyoipenda kwa sababu ilinifungua nilikuwa nimeitumia kumfungia mtu mlango.

Basi swali langu ni hili, na naamini si langu peke yangu: watu wawili wanapoishi jambo moja, na mmoja wao ana kipaji cha kulisema, je, ana haki ya kulisema?

Wapo wasemao kwamba msanii hana mipaka. Kwa hoja yao, kila kilichonigusa ni changu, na kumzuia mshairi asiseme yaliyompata ni kumkata ulimi. Hoja hii ina uzito. Fasihi yetu ingekuwa maskini sana kama kila mtunzi angesubiri ruhusa. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe katika shairi aliloliita "Amina", na vizazi vya wasomaji vimejifunza humo kwamba mwanamume wa Kiswahili anaweza kumlilia mkewe hadharani bila kuipoteza heshima yake. Amina alikuwa amekwisha kufa. Hakuulizwa, wala asingeweza kuulizwa. Nani kati yetu angetaka shairi lile lisiwepo?

Hata hivyo, shukrani ya msomaji si hati ya umiliki. Kwamba mimi nimefaidika na jambo hakuthibitishi kwamba aliyenipa alikuwa na haki ya kulitoa. Tena kuna tofauti kati ya aliyefiwa na mke na aliyefiwa pamoja na mke. Shaaban Robert alikuwa amebaki peke yake na msiba wake. Mimi nilikuwa na mwenzangu chumba cha pili, umbali wa hatua kumi, na nilichagua kutomwuliza. Huzuni yangu ilikuwa yangu, ni kweli. Mwili ulioipata ajali ile haukuwa wangu.

Wapo pia wasemao kinyume chake: kwamba lisisemwe lolote la wawili bila ridhaa ya wote wawili. Kauli hii inavutia kwa usafi wake, na jioni ile, kwa aibu niliyokuwa nayo, nilikuwa tayari kuiapia. Lakini nayo ina hatari. Yuko mke anayepigwa, ambaye mumewe humwambia kila siku kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje. Tukisema kwamba kila jambo la wawili linahitaji ridhaa ya wawili, tutakuwa tumempa mpigaji kufuli na ufunguo. Siri ya dhuluma si ya wawili. Ni kifuniko anachokishikilia mmoja juu ya mwenzake. Aliyedhulumiwa hadaiwi ruhusa na aliyemdhulumu, na kwake methali ya mficha uchi ina haki ya kusikika kuliko ile ya mtungi na kata.

Kwa hiyo ridhaa ninayoitafuta ni ya mahali penye jambo la pamoja lisilo na mkosa: msiba, maradhi, utasa, umaskini, hofu. Hapo nani ana haki gani?

Katika kutafuta jibu nimewafikiria sana wanandoa wawili wasanii ambao mmoja wao ni mzaliwa wa mji huu. Ernest Mancoba alizaliwa mwaka 1904 huko Turffontein, kusini mwa Johannesburg, mtoto wa mfanyakazi wa migodi. Alijifunza kuchonga mti katika chuo cha Kianglikana cha Grace Dieu, na mwaka 1929 alichonga Bikira Maria mwenye sura ya msichana wa Kiafrika. Alipotakiwa kuchonga vitu vya kuwapendeza watalii alikataa, na mwaka 1938 akasafiri kwenda Paris. Huko alikutana na Sonja Ferlov, mchongaji kutoka Denmark aliyezaliwa mwaka 1911. Vita vilipofika Ufaransa, Mancoba alifungwa na Wajerumani katika kambi ya Saint-Denis kwa kuwa alihesabiwa raia wa Uingereza. Walifunga ndoa humo kambini mwaka 1942. Mtoto wao Wonga alizaliwa mwaka 1946.

Msomaji akumbuke maana ya ndoa hiyo kwa nchi aliyotoka Mancoba. Mwaka 1949 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kuharamisha ndoa kati ya Wazungu na wasio Wazungu, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1985. Sonja alifariki mwaka 1984. Hakuna siku hata moja ya uhai wake baada ya sheria ile ambayo wangeweza kuishi Johannesburg kama mume na mke bila kuitwa wahalifu. Nyumba yao yenyewe ilikuwa tamko, hata kama wangekaa kimya.

Baada ya vita walihamia Denmark, wakashirikiana na wasanii walioanzisha kundi la CoBrA mwaka 1948. Mancoba alieleza katika uzee wake kwamba wengi wa wenzake wale walimfanya kama mtu asiyeonekana, au kama mume tu wa msanii wa Kizungu. Fikiria jambo hilo likiingia nyumbani jioni. Mke anatambuliwa, mume hatambuliwi, na wote wawili wanajua kwamba sababu si ubora wa kazi. Mwaka 1952 waliondoka pamoja wakarudi Ufaransa, ambako waliishi miaka mingi katika dhiki na upweke. Sonja alikuwa na nchi, lugha na marafiki wa ujana. Alikwenda kuishi na mumewe mbali na hao wote.

Ninachokistaajabia ni jinsi maisha hayo yalivyoingia katika kazi zao. Wangeweza kutuonyesha kila mmoja masikitiko ya mwenzake. Walikuwa nayo ya kutosha. Picha za Mancoba za miaka hiyo zina umbo moja katikati, nusu mtu nusu mistari, kama mtu anayejitokeza au anayefifia, huwezi kusema. Sanamu za Sonja zina maumbo yanayoegemeana, na moja ya mwaka 1966 inaitwa kwa neno lenye maana ya mshikamano. Kazi hizo hazitusimulii nani alilia usiku gani, lakini yeyote ayajuaye maisha yao ataona kwamba zimetoka humo. Walitumia walichoishi bila kumtoa mwenzi wao sokoni. Mwaka 1994, katika mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, Jumba la Sanaa la Johannesburg liliandaa maonyesho ya kazi za wote wawili pamoja. Jina la maonyesho lilikuwa na maana ya mkono kwa mkono. Mancoba alirudi nyumbani kwa ajili hiyo, mjane wa miaka tisini.

Mtu anaweza kuniambia: hao walikuwa mchongaji na mchoraji, kwao ilikuwa rahisi. Rangi na jiwe havitaji majina. Mshairi ana maneno, na maneno hutaja. Nakubali, na nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Wapo watu waliobeba sanaa zote mbili katika mwili mmoja, na wao wanaweza kutufundisha tofauti yake. Breyten Breytenbach alikuwa mshairi na mchoraji. Mkewe, Yolande, ana asili ya Vietnam, na kwa sababu hiyo ndoa yao haikukubalika chini ya sheria za Afrika Kusini. Mwaka 1975 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka tisa, akatumikia saba. Gerezani aliruhusiwa kuandika, kuchora alikatazwa. Sijui wakuu wa gereza walikuwa na sababu gani vichwani mwao, lakini tofauti hiyo inanifikirisha. Maandishi yanaweza kusomwa na mlinzi, yakapimwa, yakawekwa katika jalada. Neno lina maana ambayo mtu mwingine anaweza kuishika na kuondoka nayo. Picha haishikiki hivyo. Mlinzi anaiona yote mara moja, na bado hajui imesema nini.

Ndiyo maana mke wangu angeweza kuitundika picha yake ya kipupwe kile mbele ya mji mzima na siri yetu ikabaki salama. Shangazi yangu asingepiga simu kusema "tumeona". Shairi langu halikuhitaji jina lake. Lilihitaji msomaji mmoja tu anayejua nimeoa nani. Kwa hiyo anayefanya kazi kwa maneno ana wajibu mzito kuliko anayefanya kazi kwa rangi. Uzito huo haumfanyi mtu bora wala duni. Chombo chake kina makali zaidi, na mwenye kisu kikali hutakiwa kuangalia zaidi mahali anapokiweka.

Nirudi sasa kwenye haki. Kwetu Tanga watu wawili wakimiliki mashua kwa shirika, kila mmoja ana haki ya kutoka nayo baharini, na hahitaji kumwamsha mwenzake kila alfajiri kumwomba. Samaki atakaowapata ana haki nao. Asichoweza kufanya ni kung'oa ubao wa mashua akauuze. Ubao si wake peke yake, na ukishang'olewa mwenzake naye hana chombo.

Nadhani maisha ya wawili ni mashua ya namna hiyo. Niliposoma upya shairi langu kwa jicho hilo niliona kwamba beti nane zilikuwa samaki. Zilisema juu ya benchi nililokalia hospitalini, juu ya mikono yangu isiyojua pa kukaa, juu ya usiku nilipokosa usingizi nikahesabu taa za mnara wa Hillbrow. Hayo nilikuwa nimeyavua mwenyewe. Ubeti wa sita ulikuwa ubao. Humo niliweka maneno ambayo mke wangu aliyasema gizani, akimwambia mtu mmoja tu duniani. Niliyatia vina, na yalipendeza. Wasomaji waliousifu ubeti ule hawakujua kwamba walikuwa wanamsifu yeye, na kwamba yeye hakuwa amewapa.

Hoja moja bado inanisumbua, nami sitaificha. Ubeti wa sita ndio uliokuwa bora. Bila ule, shairi ni la heshima tu. Pamoja nao, lilikuwa na uhai. Je, ningemwuliza na angekataa, dunia isingepoteza kitu? Ingepoteza. Wanaodai kwamba ridhaa haina gharama hawajawahi kuandika. Yako mashairi ya kweli ambayo hayatazaliwa kwa sababu mtu fulani alisema hapana, na haki yake ya kusema hapana ni kubwa kuliko shairi. Nasema hivyo nikijua kwamba Shaaban Robert hakuulizia, na kwamba ninaendelea kumsoma kwa shukrani. Ninachoweza kumtetea nacho ni kwamba katika "Amina" anayeinuliwa ni Amina. Katika ubeti wangu wa sita aliyeinuliwa ni mimi, kwa maneno ya mtu mwingine. Labda kwa marehemu, ambao hawawezi kuulizwa, hicho ndicho kipimo kilichobaki: nani anainuka? Kwa walio hai kipimo ni chepesi zaidi kukijua na kigumu zaidi kukitenda. Wako hapo. Waulize.

Na kuuliza nako kuna namna yake. Nilikuwa nikidhani kwamba kumwonyesha mwenza kazi mpya ni kuomba maoni: je, kina kimekaa, je, rangi hii imezidi? Sasa naona kwamba katika ndoa ya wasanii kuonyesha ni tendo la haki kabla halijawa tendo la ufundi. Anaponikalisha kwenye kiti kile na kunyamaza, ananipa nafasi ya kujiona katika kazi yake na kusema, "Hapa umenichukua." Anayeonyesha kazi ikiwa imekwisha kutumwa hajaonyesha, ametoa taarifa. Nilikuwa nimeivunja desturi hiyo siku ile ile ilipohitajika kuliko siku zote, tena kwa kisingizio cha huruma.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuniuliza swali lililobaki. Je, insha hii yenyewe? Si ndiyo siri ile ile, imetolewa mara ya pili, na safari hii kwa nathari ambayo ni rahisi zaidi kueleweka?

Nimemsomea yote, sentensi kwa sentensi, kwa siku mbili, kwenye meza ya jikoni. Alinisimamisha mara nyingi. Aliniomba niondoe aya mbili, nami nimeziondoa. Moja nilidhani ni nzuri. Aliniomba pia niandike kwamba mimba ilikuwa ya miezi mitano, kwa sababu katika rasimu nilikuwa nimeandika "mimba changa", naye alisema kwamba haikuwa changa. Hilo sikuwa nimelitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kunipunguzia maneno, nikampata mtu aliyekuwa na neno la kuongeza. Shairi sijalichapisha tena popote, na ubeti wa sita nimemrudishia.

Picha aliniita kuiona mwaka uliofuata, jacaranda za mtaa wetu zilipokuwa zimechanua. Nilikaa kwenye kiti nikasema ninachokiona, naye akasikiliza. Sasa imetundikwa sebuleni. Wageni huuliza ni nini. Yeye hujibu kwamba ni rangi ya nyasi za kipupwe. Nami, niliyezoea kueleza kila kitu ubeti baada ya ubeti, hupitisha chai.